Kuni za Kupeleka Msituni

Kuna kitendawili nilichokitunga mwenyewe, na wajukuu zangu wamekichoka. Nabeba kuni kupeleka msituni. Wageni wote hushindwa. Wakinipa mji wa Kasulu nakataa, wakinipa Kibondo nakataa. Wakinipa Kigoma yote pamoja na ziwa lake, hapo nakubali, maana mji wa bure haukataliwi mara tatu. Kisha nawaambia jibu: ni hujaji wa Nyakibuye.

Nyakibuye ni mlima wetu. Ukisimama Heru Juu asubuhi, ukungu ukishainuka, unauona mweusi kwa miti toka kiunoni mpaka kichwani, ilhali vilima vinavyouzunguka vimenyolewa vyote kwa mihogo na mahindi. Karibu na kilele kuna kikanisa cha Mama Maria. Kuta zake ni za mawe, na mlango wake ni mfupi, hata askofu huinama akiingia. Wazee wetu walikijenga enzi za Mwingereza, wakati mama yangu mzazi alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Wenye mlima, koo zilizoulinda tangu zamani, hawakukitaka. Walisema kanisa likija watu watakuja, watu wakija watapika, wakipika msitu utaliwa, na msitu ukiliwa chemchemi itakufa. Hawakusema uongo. Katekista wa wakati huo, Reverien, akawajibu, "Hatutachukua hata mswaki." Akaamuru kila anayepanda kusali apande na kuni zake kutoka kwake. Basi ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Tunaziita kuni za nyumbani. Tawi kavu likikuangukia njiani, unalivuka, unaliacha lilale lilipoangukia. Watu wa kupita hutucheka wakitukuta tumejitwisha mizigo ya kuni tunaingia nayo msituni. Nasi tunawaacha wacheke, kisha tunawauliza misitu yao iko wapi.

Hija yetu kubwa ni ya Desemba, siku ya nane. Kila mwaka kigango kimoja hupewa moto, na kigango hicho humchagua mama wa moto. Yeye huuwasha jana yake alasiri, mahujaji wa kwanza wanapofika, na hauzimiki mpaka misa ya siku ya pili iishe. Hapo ndipo tunapopika maharage na ugali wa muhogo wa watu wote, na hapo hapo hutolewa makaa ya chetezo. Kabla ya kuyapokea, padri husimama mlangoni na kuuliza mbele ya watu, "Kuni hizi zimetoka wapi?" Mama wa moto hujibu, "Nyumbani." Padri huuliza, "Nyumbani wapi?" naye hutaja kigango chake. Hajibu uongo, maana anajibu kwenye mlango wa kanisa. Moto ukizimika, au ukilishwa kijiti kimoja cha mlimani, kigango hicho hakipewi moto tena mpaka walioshuhudia wafe wote. Kipo kimoja kilichopatwa na hayo. Sikitaji, wana wajukuu.

Mwaka jana zamu ilikuwa yetu Heru Juu, na kina mama wakamchagua mkamwana wangu, Claudine. Mimi nilikaa kimya kwenye kikao, nisije nikaonekana napigia ngoma nyumba yangu, lakini kifua kilinijaa. Claudine ni mke wa mwanangu Nestori. Baba yake, mzee Habonimana, alivuka kutoka Burundi kijana mbichi, akapewa shamba hapa hapa, akalima, akapata uraia, akazikwa hapa. Claudine amezaliwa Heru Juu na kubatizwa Heru Juu. Hata hivyo, akikosea chumvi kwenye mboga, wapo watakaosema ni kwa sababu ya mto aliouvuka baba yake.

Siku ya kupanda tulikusanyika chini ya mlima, pale bodaboda zinapoishia. Kila mtu na mzigo wake wa kuni kichwani, na kila mtu na fimbo, maana njia ya Nyakibuye inateleza kama kambare. Yangu ilikuwa ya mninga. Marehemu mzee wangu aliichonga kibarazani kwetu, akaiwekea kichwa cha jogoo mwenye mdomo wazi. Claudine yeye alichomoa mpini wa jembe, akaja nao hivyo hivyo.

Kina mama wa Kitahana walikuwa wamefika mapema kutoka Kibondo, kwa sababu moto wa mwaka uliotangulia ulikuwa wao na walipaswa kutukabidhi mwiko wa kusongea ugali, ambao ndio alama ya zamu. Mwenyekiti wao ni Winifrida. Ni mama mnene, mchapakazi, na mdomo wake hauna kifuniko.

"Shikamoo, Mama Esteri," akanisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Kitahana hamjambo?"

"Hatujambo, mvua tu inatufukuza. Tumewaletea mwiko. Anaupokea nani?"

"Huyu hapa."

Akamtazama Claudine toka kilemba mpaka ndala. "Si ndiye binti wa yule mzee aliyevuka mto?"

"Alivuka, akafika, akalima," nikasema. "Na mahindi yake mlikuja kuyanunua mwaka ule wa njaa."

Wenzake wakacheka, naye akacheka. "Mimi sisemi neno baya, Mama. Nasema tu kwamba wakimbizi na kuni tunawajua. Walikopita, hata visiki vilikimbia."

Claudine akapiga goti kidogo, akapokea mwiko kwa mikono miwili. "Asante, mama. Visiki vilivyobaki nitavipa salamu zako."

Watu wakacheka zaidi, safari hii kwa upande wetu. Lakini mimi nilikuwa karibu yake. Niliona alivyoubana ule mwiko, kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe anayekimbia.

Mvua ilitukuta katikati ya mlima. Ilikuja ya kumwagwa, si ya kunyesha. Claudine alivua kitenge chake cha juu akafunika mzigo wake, akapanda na blauzi imemganda mwilini, lakini kuni zetu nyingi zilikuwa za mkaratusi uliopasuliwa karibuni, na mkaratusi ukilowa hununa. Tulifika juu tunatiririka. Aliwasha moto kwa vijiti vichache alivyovificha ndani ya mzigo, akaubembeleza, ukawaka. Tukapiga vigelegele.

Kilichotuponza ni baridi. Mahujaji walikuja wamelowa, wakajipanga kuuzunguka moto, na hakuna aliyekuwa na roho ya kuwafukuza. Kuni zilizotakiwa zifike mchana wa siku ya pili ziliwakausha watu nguo. Nilipoamka asubuhi nilimkuta Claudine amechuchumaa penye mafiga, macho mekundu, anapuliza. Maharage kwenye sufuria kubwa yalikuwa bado yanagonga kama kokoto. Pembeni palibaki magogo machache ya mkaratusi, yanachuruzika maji.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Nitalala Heru Juu, Mama."

Winifrida naye alikuwepo, amekaa juu ya ndoo anachambua mchele wa mapadri. Hakuwa na kazi pale, zamu haikuwa yake. Lakini hakuondoka, na jicho lake moja lilikuwa kwenye mchele, jingine kwenye moto.

Wakati huo ndipo kwaya ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, ilipofika. Walikuwa wamepata kibali cha kutoka kambini, lori likawaleta mpaka chini, wakapanda alfajiri wakiimba. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuja Nyakibuye. Kiongozi wao aliitwa Anne-Marie, Mkongo mrefu, mchangamfu, sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Alimwona Claudine anavyolia na moshi, akamwuliza hali, kisha akawageukia wenzake akasema nao kwa haraka. Wakatoweka. Mimi nilidhani wameenda kunawa miguu.

Walirudi wamebeba kuni. Kuni nzuri, kavu, za rangi ya kijivu, wamezikumbatia kama watoto.

"Mama, acha kulia na moshi," Anne-Marie akasema, uso umejaa furaha. "Tunakuletea kuni. Ziko kavu kabisa, tulizitosha chini ya ile miti mikubwa, mvua haikufika. Sisi ni wageni lakini hatuko wavivu."

Moto ulitoa mlio kama mtu anayefyonya.

Na ni nani wa kulaumiwa? Mgeni mwenye adabu akimkuta mwenyeji hana kuni, huenda kuokota. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha, na mama zao wa Kongo vivyo hivyo. Sisi tuliowaalika ndio tuliosahau kuwaambia.

Winifrida akainuka kwenye ndoo yake, akasogea karibu. Akasema kwa sauti ya chini, hata nikamshangaa, "Weka."

Claudine akamtazama.

"Weka, binti. Ni matawi yaliyoanguka yenyewe, hakuna aliyekata. Watu wale wote wana njaa, na padri anavaa kwa misa. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa kwenye mchele."

Sijui mpaka leo kama ulikuwa mtego au huruma. Nadhani hata yeye hajui. Na moyoni mwangu mimi nilikuwa nasema hayo hayo, weka, mwanangu, weka.

Claudine akajifuta macho kwa kiganja. "Mama Winifrida, jana ulisema hata visiki vilikimbia. Nikiweka kijiti hiki, utakuwa ulisema kweli. Na baba yangu atakuwa aliyanywa maji ya chemchemi hii bure."

Winifrida akafunga mdomo. Mdomo ule.

Claudine akasimama, akamshika Anne-Marie mkono. "Dada, asante. Hujakosa, sisi hatukukuambia. Hapa kila mtu huja na kuni za kwake. Za mlima ni za mlima, hatuzigusi. Tafadhali, zirudisheni pale pale zilipokuwa."

Anne-Marie aliona aibu mpaka shingo ikamlegea. "Pardon, mama. Pardon sana. Hatukujua." Wakageuka wote, wakarudi msituni, na nikawaona wakizilaza moja moja chini ya miti kama wanavyolaza vyombo vya kioo. Hapo nilijivuna, kwa kweli. Sikujua nijivune kwa nani kati yao, nikajivuna kwa wote.

Lakini moto haukujivuna. Ulibaki kilimi kimoja cha bluu, na mkaratusi ukakitemea mate.

Claudine alizunguka mafiga mara moja. Macho yake yakaangukia kwenye mpini wake wa jembe, uliokuwa umeegemezwa ukutani. Umekaa mikononi mwa watu miaka, mvua iliulowesha juu tu, ndani mkavu kama mfupa. Akauchukua, akauvunja kwa goti, akauweka chini ya sufuria. Ukashika. Kisha akanigeukia.

"Mama, nipe fimbo."

"Fimbo ipi?"

"Hiyo uliyoishikilia."

"Hii ni ya baba mkwe wako."

"Najua, Mama. Aliichongea wapi?"

"Si kibarazani, unapajua."

"Basi ni kuni za nyumbani."

Nikamtazama jogoo wangu. Amenipandisha mlima ule tangu mzee alipofariki, na kabla ya hapo alimpandisha mzee mwenyewe. "Na nitashukaje, Claudine, na goti hili?"

"Utashuka na mimi."

Nikampa. Hakuivunja kwa goti, aliisogeza taratibu, mkia kwanza. Jogoo ndiye aliyeshika mwisho. Alibaki nje ya moto amefungua mdomo kama anataka kuwika, kisha akaingia.

Claudine akaenda kusimama kwenye ngazi ya kikanisa, na mwiko mkononi. Hakupaza sauti sana. "Wazazi wangu, ndugu zangu, kuni zimelowa na maharage hayajaiva. Ninaomba fimbo zenu. Asiyeweza kushuka bila fimbo abaki nayo, hakuna atakayemsema."

Mzee mmoja wa kwetu akamwuliza jirani yake, "Anasema fimbo?" Jirani akasema, "Fimbo." Mzee akasema, "Basi na ile kofia yangu ya majani achukue, tusizuge." Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikawafungua mikono. Zikaanza kuja. Fimbo za mianzi, fimbo za mkahawa, fimbo zilizochongwa na zilizokatwa tu shambani asubuhi ya kupanda na kukaushwa kwa jasho la mwenyewe. Wengine walizibusu kwanza. Mama mmoja alileta ya kwake akaichukua tena, akaenda nayo hatua kadhaa, akairudisha. Moto ukanyanyuka. Maharage yakaanza kusema.

Kwaya ya Nyarugusu walikuwa wamerudi na kusimama kando, hawana fimbo, hawana kuni, hawajui wasimame wapi. Kisha kijana wao mmoja, Emile, mpiga kinanda, akaondoka kwa haraka. Akarudi na sanduku la mbao walilobebea spika, tayari amelitoa misumari.

"Tunaweza kutoa hii?" akauliza. "Nililipiga misumari mwenyewe, kule kambini."

Winifrida akageuka. Mdomo ulikuwa umemrudia. "Lakini tumesema kuni za nyumbani. Kambini ni nyumbani?"

Haikuwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na labda ndiyo maana iliuma zaidi.

Emile alikuwa bado ameshika mbao zake. "Mama, mimi nilizaliwa Nyarugusu. Nilikulia pale. Mama yangu nimemzika pale. Kama si nyumbani, basi mimi sina kuni za kuleta popote."

Claudine alinyoosha tu mikono, akazipokea zile mbao alivyoupokea mwiko, kwa mikono miwili na goti limepinda kidogo, akaziweka penye mafiga, mbele, ambapo moto hushika vizuri.

Fimbo ya Winifrida ilikuwa ya fahari, imesukwa waya mwekundu na wa shaba toka juu mpaka chini, Kibondo nzima wanaijua. Akaanza kuutoa ule waya. Aliuzungusha mkononi kama bangili, mzunguko juu ya mzunguko, bila kumtazama mtu. Fimbo ilipobaki tupu akamsogezea Claudine.

"Chukua, Mama Prudence," akasema. Prudence ndiye mjukuu wangu mkubwa. Mpaka asubuhi ile Winifrida alikuwa akimwita Claudine binti wa yule. "Waya sikupi. Waya hauivishi maharage."

"Ego, mama, ndiyo. Waya baki nao."

Kengele ndogo ikalia. Padri akatoka akiwa amevaa, akasimama kwenye ule mlango mfupi, na katekista nyuma yake na chetezo. Watu wakasimama. Nilimwona Claudine akijifunga kitenge upya. Moshi ulikuwa umemchora uso, na nywele zilikuwa zimechungulia kwenye kilemba, na mimi sijamwona mwanamke mzuri kama yeye.

"Kuni hizi zimetoka wapi?" padri akauliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Hapo ndipo mama wa moto hutaja kigango chake, neno moja tu, na padri huitikia amina. Claudine akavuta pumzi.

"Heru Juu, Padri," akasema. "Na Kitahana. Na Nyarugusu."

Padri alimtazama. Halikuwa jibu alilolizoea. Akatazama lile lundo la fimbo, akatazama watu wanaosimama wakiwa wameshikiliana mabega kwa kukosa cha kuegemea. Nilimsikia Winifrida nyuma yangu akisema, kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, "Amina," kabla ya padri mwenyewe. Kisha mlima wote ukaitikia.

Makaa yakaingia kwenye chetezo. Sijui mbao za spika na mkia wa jogoo vina harufu gani vikichanganyika na ubani. Mimi nilinusa nyumbani. Kwaya ya Nyarugusu iliimba bila spika, na msitu ukawarudishia sauti bure.

Maharage yaliiva misa ilipokwisha. Yalikuwa na moshi kidogo. Hakuna aliyebakisha.

Sasa kushuka. Ungetuona ungecheka, na sisi tulicheka. Watu wote wale, mteremko ule, matope yale, bila fimbo hata moja. Wengine walishuka kwa makalio. Wazee walishuka katikati ya vijana wa kwaya. Yule mzee wa kofia ya majani alishuka mgongoni kwa Emile, akimwelekeza njia kama utingo anavyomwelekeza dereva. Mimi nilishikwa na Claudine mkono wa kulia kama alivyoahidi. Tulipofika pale panapoteleza zaidi nikasikia mkono mwingine umenidaka wa kushoto, mnene, una waya mwekundu umezungushwa kwenye kifundo.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama Esteri, tutaanguka," Winifrida akasema.

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Nilipanda kwa miguu mitatu, nashuka kwa sita."

Akafikiri hatua kadhaa. Alikuwa anahema. "Nimeshindwa. Nakupa Kasulu."

"Kasulu ni yangu."

"Nakupa Kibondo mjini."

"Sitaki. Nipe Kitahana."

"Kitahana sikupi," akasema, na kunibana mkono zaidi, maana jiwe lilikuwa limetukimbia chini ya miguu. "Nitashinda mwenyewe. Usiniambie. Mama Prudence, na wewe usimwambie."

"Sisemi, mama," Claudine akasema. Alikuwa amechomeka mwiko kiunoni, na alikuwa anasinzia huku anatembea.

Tulifika chini kabisa, penye bodaboda, Winifrida bado anafikiri, bado amenishika.